Mitungi, bawa na mapezi: usinunue hata kimoja kabla hujajua unazamia maji gani

Nje kidogo ya mji wa Unguja, kwenye kina cha kama mita 40, imelala HMS Pegasus, manowari ya Waingereza iliyopigwa mizinga na Königsberg ya Wajerumani asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914, wakati iko kwenye matengenezo na haina hata uwezo wa kukimbia. (Königsberg yenyewe ikaenda kujificha kwenye delta ya Rufiji na huko ndo ikaishia mwaka uliofuata, ila hiyo ni stori nyingine.) Naitaja Pegasus kwa sababu ni mbizi iliyokaa mpakani kabisa. Mita 40 ndo kikomo cha mpiga mbizi wa kawaida, na kwa hewa ya kawaida pale chini una dakika kama kumi tu, au hata hazifiki, kabla mwili haujaanza kukudai visimamo njiani wakati wa kupanda, yaani kutulia ili gesi iliyoingia mwilini itoke. Mkondo nao upo. Ukitaka kukaa dakika 25 uitazame meli kwa nafasi basi ushaingia kwenye mbizi za kitaalamu, zile ambazo huwezi kukimbilia juu hata kama kitu kimeharibika, na hapo ndo maswali yanapoanza: mitungi gani, bawa gani (ule mfuko wa hewa wa mgongoni), mapezi gani.

Ukianza kuulizia utachanganyikiwa. Huyu anakwambia chuma tu, alumini ni takataka, yule anakwambia chuma kitakuua, mwingine anakuuzia bawa kubwa la kubeba uzito wa pauni 100 eti ili uwe salama, mwingine anasema pauni 40 zinatosha na chenji inabaki. Cha ajabu wote wanaweza kuwa wanasema kweli, ila kila mmoja kwa maji yake. Ushauri mwingi tunaousoma umeandikwa na watu wa maji baridi ya Ulaya ambao wanavaa draisuti (suti isiyoingiza maji, ndani ina hewa), au watu wa mapango ya Florida ambako maji hata chumvi hayana. Sisi tunaozamia bahari yenye nyuzi 25 mpaka 29 tumevaa wetisuti nyembamba (suti ya raba inayoingiza maji) tukiuchukua ushauri huo mzimamzima tunabeba na matatizo ambayo wao hawana.

Halafu kingine, watu wananunua hivi vitu kama vitu vitatu tofauti, mtungi leo, bawa mwezi ujao, mapezi rafiki anauza, wakati kiukweli ni hesabu moja tu ya kuelea na kuzama. Suti inaamua mtungi, mtungi unaamua bawa, mapezi yanakuja mwisho kusawazisha kilichobaki. Ukianzia katikati lazima kuna sehemu utalipa mara mbili.

Tuanze na gesi basi. Mtu aliyetulia anavuta kama lita 20 kwa dakika akiwa usawa wa bahari. Kwenye mita 40 presha ni mara tano ya huku juu kwa hiyo lita 20 zinageuka lita 100 kwa dakika, na hapo hajaogopa bado, akiogopa inapanda zaidi. Sasa mtungi utakaoukuta vituo vingi vya mbizi kuanzia Watamu mpaka Mafia ni ule wa alumini unaoitwa AL80, wenye lita 11.1 na presha ya kazi ya baa 207. Zidisha hapo, unapata kama lita 2,300. Dakika 25 mara lita 100 ni lita 2,500. Yaani gesi imekwisha na wewe bado uko kwenye meli, hujaanza hata kupanda. Mtungi mmoja hapa hauna mjadala, hautoshi.

Miwili inakupa karibu lita 4,600. Watu wa mapangoni, enzi za kina Sheck Exley kule Florida, ndo walioishikilia ile kanuni ya theluthi: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, na theluthi ya mwisho huigusi, hiyo ni ya dharura na mara nyingi ni ya mwenzako kuliko yako. Theluthi mbili za 4,600 ni kama lita 3,060, ambazo zinabeba dakika zako 25 na safari ya kupanda mpaka mita 21, pale unapobadilisha na kuanza kuvuta nitroksi (hewa iliyoongezwa oksijeni) ya asilimia 50 kutoka kwenye mtungi mdogo wa ubavuni. Huo mdogo mara nyingi ni AL40, lita 5.7. Na kwa nini mita 21 na sio 30? Kwa sababu nitroksi ya 50 kwenye mita 21 presha yake ya oksijeni inafika baa 1.55, ukiivuta chini zaidi ya hapo oksijeni yenyewe inageuka sumu, unaweza kushikwa na degedege ndani ya maji na regulata (kile kifaa cha kuvutia gesi) ikatoka mdomoni. Ndo maana ule mtungi unaandikwa 21 kubwa ubavuni, kubwa ya kuonekana na mwenzako, sio kijistika kidogo karibu na vali.

Hii miwili ya mgongoni inafungwa pamoja kwa bendi za chuma kisichoshika kutu na juu inaunganishwa na manifoldi, bomba lenye vali mbili za regulata na vali ya tatu katikati ya kutenganisha. Manifoldi ya vali mbili mpaka leo inatajwa kwa jina la George Benjamin, Mkanada aliyechunguza mashimo ya bluu ya Andros kule Bahamas. Hiyo ya katikati ilikuja baadaye. Kazi yake ni rahisi kueleza na ngumu kufanya: regulata moja ikianza kumwaga gesi unaifunga vali yake na bado unavuta mitungi yote miwili kupitia ile nyingine, na kama kinachovuja ni manifoldi yenyewe unafunga katikati angalau nusu ya gesi ibaki. Ngumu kwa sababu vali ziko nyuma ya kisogo chako. Kama mkono haufiki basi manifoldi yote hiyo ni pambo, na wengi mkono haufiki kwa sababu mitungi imefungwa chini mno au mikanda imekaza, sio kwamba wao ni wazito wa mwili.

Haya, chuma au alumini. Hapa ndo penye kesi.

Gesi ina uzito. Watu wanasahau. Lita 1,000 za hewa ni kama kilo 1.2, kwa hiyo mitungi miwili ya AL80 ikijaa imebeba kilo 5 na nusu za hewa ambazo utazivuta na kuzitoa mapovu, manake unazamia ukiwa na mzigo ambao utakuwa umepungua ukifika kwenye kisimamo cha mwisho. AL80 moja ikijaa inazama kidogo, kama gramu 650, ikiisha inaelea na kukuvuta juu kwa karibu kilo 2. Miwili ni kilo 4 za kukuvuta juu wakati ule ambao unatakiwa kutulia tuli kwenye mita 3 au 6 dakika kumi, ishirini. Kwa hiyo mtu wa alumini lazima aweke risasi, vile vipande vizito vya kumzamisha. Mtungi wa chuma wa lita 12 na baa 232, ule wa Wazungu wa Ulaya, unabeba gesi zaidi na ukiwa mtupu mara nyingi bado haukuvuti juu, kwa hiyo risasi huhitaji. Ukisikia hivyo unaona chuma kimeshinda, gesi nyingi na hakuna kubeba mkanda wa risasi.

Subiri kwanza. Mtu wa Scapa Flow kule Scotland anayevaa draisuti na nguo nene ndani yake, hewa ya ndani ya suti inambeba kama boya, asipopata uzito hazami kabisa. Chuma kwake ni risasi ambayo inabeba gesi, tena bawa likipasuka anabonyeza hewa kwenye draisuti anapanda nayo. Wewe umevaa wetisuti. Wetisuti inaelea kwa sababu ya vipovu vya gesi vilivyomo kwenye raba yake na vipovu hivyo kwenye mita 40 vimebanwa, suti inabaki karatasi. Ya milimita 5 inaweza kukupunguzia kilo 3 hivi za kuelea, ya milimita 3 kidogo chini ya hapo, inategemea na mwili wa mtu. Hizo kilo zimepotea na huwezi kuzirudisha mpaka upande.

Piga hesabu sasa. Uko kwenye Pegasus dakika ya kwanza, mitungi imejaa, bawa linapasuka au ule mpira wake wa kujazia unachomoka kwenye kiungio. Ukiwa na alumini, na risasi zako ulizipima vizuri, unazama kwa uzito wa gesi, kilo 5 na nusu, jumlisha suti iliyobanwa kilo 2 na nusu au 3. Kilo 8 na kitu. Kupanda nazo kwa miguu peke yake ni kazi ya kutoa macho, lakini una kilo 3 au 4 za risasi kiunoni ambazo unaweza kuzitupa, na zikitoka mzigo uliobaki mtu mwenye miguu anaweza kuupandisha. Ukiwa na chuma, gesi peke yake ni kilo 6.7, jumlisha suti ileile, jumlisha uzito wa chuma chenyewe ambao suti nyembamba haukuuhitaji tangu mwanzo, unafika kilo 11, 12 au zaidi, na cha kutupa hakuna. Utatupa nini, mtungi unaovuta?

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na najua kuna watakaokataa: kwa wetisuti na bahari yetu, mitungi miwili ya alumini. Chuma nenda nacho ukiwa na draisuti, au ukiwa na njia nyingine ya uhakika ya kukupandisha. Wanaosema "mimi nimezamia na chuma na wetisuti miaka yote" hawadanganyi, ni kwamba bawa lao halijawahi kupasuka.

Usitupe risasi zote kwa mpigo lakini. Ukizitupa zote kwenye mita 40 utapanda, sawa, ila ukifika mita 6 na mitungi iko nusu unaanza kuvutwa juu na kisimamo hukiwezi tena. Ndo maana wengine wanazigawa, nyingine kwenye mkanda wa kutupika na nyingine zimefungwa kabisa katikati ya mitungi au wanatumia bamba la mgongoni la chuma badala ya la alumini, ambalo tofauti yake ni karibu kilo 2 ambazo haziwezi kuanguka kwa bahati mbaya.

Mitungi midogo ya ubavuni yenyewe haina ubishi, hata watu wa chuma wanatumia alumini, kwa sababu ule mtungi unautoa, unampa mwenzako, unauhamisha, unataka kitu ambacho majini hakina uzito wa kukulalisha upande.

Kwa anayekuja nyumbani na vifaa kutoka Marekani kuna hili la presha pia. Kule kuna mitungi ya chuma ya presha ndogo, imeandikwa psi 2,400 hivi, na watu wa mapangoni wamezoea kuijaza kupita kiasi mpaka 3,000 na zaidi, wanaita kujaza kipango. Ndo tabia zao. Mtungi umegongwa muhuri wa presha yake kwenye bega, jaza hiyo. Na kama unazamia ziwani mfano Tanganyika pale Kigoma, maji hayana chumvi, kwa mtu ambaye yeye na vifaa vyake ni kilo 120 kuna kama kilo 3 za risasi anapunguza, halafu ziwa liko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 770 kwa hiyo hata ratiba ya visimamo inabadilika. Risasi zako za Unguja usiende nazo Kigoma kichwakichwa.

Ukinunua mitungi iliyotumika, na wengi tutanunua iliyotumika, angalia mambo haya kabla hujatoa hela. Alumini za zamani zilitengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini unaoitwa 6351, hizo shingo zake zina historia ya kupasuka taratibu kwa ndani, na watengenezaji waliuacha wakahamia 6061, Luxfer wa Marekani walihama mwaka 1988. Ukiona mtungi wa alumini ni mzee kuliko hapo achana nao hata ukipewa bure. Muhuri wa kupimwa kwa presha ya maji unatakiwa usiwe umepita miaka mitano, na kukaguliwa ndani kwa macho kila mwaka. Mtungi wa chuma uvue vali umulike tochi, kwa hewa yetu yenye unyevu kompresa ikiwa na chujio bovu inaingiza maji ndani na chuma kinaoza kimyakimya wakati nje rangi inang'aa.

Halafu nyuzi za shingo, zile vali inapojifungia. Hii naomba uisome mara mbili. Kuna mitungi yenye shingo ya M25, hii ni ya kipimo cha Ulaya, na kuna yenye shingo ya robo tatu inchi, ambayo alumini nyingi za Kimarekani zinatumia. Kwa macho zinafanana. Vali ya M25 ukiiingiza kwenye shingo ya robo tatu inchi inaweza kuonekana imeshika, unakaza, unaridhika, halafu wakati wa kujaza inachomoka na kuruka, na aliyesimama juu yake hana bahati. Watu wamekufa hivyo. Kipimo kimechongwa kwenye vali na kwenye bega la mtungi, visome vyote viwili, na kama kimoja kimefutika basi hiyo kazi mpe fundi mwenye geji.

Vali zenyewe chukua za DIN, regulata inaingia ndani kwa nyuzi na oringi (pete ya raba) inakaa imefungiwa, tofauti na ile ya kubana kwa juu ambayo ukigonga dari ya meli iliyozama inaweza kuhama. Vali nyingi za vituo vyetu zina kipande cha kati kinachotoka kwa spana ya pembe sita, ukikitoa inakuwa DIN. Bendi nazo pima: AL80 ina kipenyo cha milimita 184, chuma za Ulaya nyingi ni 171, hazibadilishani bendi.

Bawa sasa. Bawa ni ule mfuko wa hewa unaokaa kati ya mgongo wako na mitungi, na swali linaloulizwa siku zote ni la ukubwa gani. Hesabu ushaipiga tayari hapo juu. Bawa linatakiwa libebe mambo mawili, sio kwa pamoja, lile kubwa kati yake: la kwanza, zile kilo za mwanzo wa mbizi chini kabisa, gesi na suti na mtungi wa ubavuni, kwa alumini tulisema kilo 8 na kitu, weka AL40 iliyojaa na regulata yake useme 10. La pili, liweze kuielesha seti nzima peke yake juu ya maji bila wewe, kwa sababu siku moja utaivulia kwenye maji na boti itakuwa inayumba. Bawa la kilo 18, yaani pauni 40, linafanya yote mawili na linabaki na akiba. Kwa chuma na mitungi miwili ya ubavuni nenda kilo 23 mpaka 27. Zaidi ya hapo unanunua nguo pana.

Maana bawa kubwa mno lina gharama yake. Kitambaa kisichojaa kinapepea, kinakunjamana kuizunguka mitungi, hewa inajificha kwenye mikunjo na ukitaka kuitoa haitoki mpaka ujipinde, na wakati unajipinda ushapanda mita mbili. Zamani walitatua hilo kwa kuyafunga mabawa kamba za mpira pande zote yajikunje yenyewe, ila kamba hizo zinasukuma hewa itoke haraka bawa likitoboka, na ukilijaza kwa mdomo unapambana nazo. Mimi nisingenunua la kamba hata kwa bei ya kutupwa. Upana nao uangalie, bawa la mtungi mmoja ni jembamba katikati, ukiliweka kwenye mitungi miwili linabanwa na halijai, na la miwili ukiliweka kwenye mtungi mmoja linaukumbatia mtungi kwa nyuma, kwa hiyo ile ndoto ya bawa moja kwa kila kitu isahau.

Umbo la duara kamili au la kiatu cha farasi? Duara, hewa inapita chini kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Tofauti yake sio kubwa ya kugombania.

Kinachogombaniwa haswa ni bawa la mifuko miwili ndani ya gamba moja, kila mfuko na mpira wake wa kujazia. Wa mapango wengi hawalitaki, wanasema ukipangilia uzito vizuri na una draisuti mfuko wa pili ni kitu cha kuharibika tu, na kweli ina ubaya wake: ule mfuko wa akiba vali yake ikivuja hewa polepole unajiona unapanda, unatoa hewa kwenye mfuko usiohusika, na bado unapanda. Ila turudi kwetu, wetisuti, hakuna draisuti ya kukuokoa. Kwa mtu wa wetisuti naona lina hoja, mradi mfuko wa pili usiuunganishe na hewa mpaka uuhitaji, mpira wake ukae umefungwa pembeni, unajaza kwa mdomo au unauunganisha wakati huo. Mbadala ni boya kubwa la kurusha juu na kigurudumu cha kukunjia kamba, ambalo unatakiwa kuwa nalo hata hivyo, unalirusha na kupanda ukiishika kamba yake. Inafanya kazi. Jaribu kwanza kwenye mita 10 lakini, mkondo ukiwepo, uone kama utaipenda.

Na utunze ile mipira. Bawa kutoboka katikati ni nadra, kinachokufa ni kitufe cha kujazia kilichoganda chumvi, kile kiungio cha juu begani, na kile cha kutolea hewa chini kushoto kilichoingia mchanga. Suuza ndani kwa maji ya bomba kila siku, mwaga, jaza hewa, acha usiku kucha uone kama asubuhi bado liko gumu.

Mapezi watu wanayachukulia kama kiatu, wanachagua rangi. Kumbe kwenye mbizi hizi yana kazi ambayo pezi la kawaida haliiwezi. Ndani ya meli iliyozama au juu ya tope laini hupigi miguu juu chini, ukipiga hivyo unachafua maji na dakika moja baadaye hamuoni mlango mlioingilia. Unapiga teke la chura, magoti yamekunjwa, nyayo zinasukuma maji kwenda nyuma na sio chini. Unatakiwa pia uweze kurudi kinyumenyume na kuzunguka palepale kama mshale wa saa. Hayo yote yanataka pezi fupi, pana, gumu, lisilokunjika ovyo pembeni. Ndo maana mpaka leo unaona wazee wa mbizi na yale mapezi meusi ya raba nzito yenye matundu, Jetfin, Beuchat wa Ufaransa aliyatoa mwaka 1964 na umbo halijabadilika sana, ni mabaya kuyatazama na yanafanya kazi. Yale yaliyochanwa katikati ni matamu kwa mtalii anayetembea mbele tu, kurudi nyuma hayawezi. Yale marefu ya wapiga mbizi wa pumzi moja na wavuvi wa bunduki ni mashine ya kwenda mbali kwa mstari ulionyooka, ila ndani ya meli yananasa na kugonga kila kitu.

Uzito wa pezi ndo unarudi kwenye ile hesabu. Raba nzito inazama, plastiki nyepesi iko katikati au inaelea kidogo, na kwa sababu miguu iko mbali na kiuno nusu kilo pale nyuma inahisiwa kuliko kilo nzima ya mkandani. Draisuti hewa inakimbilia miguuni, miguu inanyanyuka, raba nzito inaitibu. Alumini mbili nazo zikikaribia kuisha makalio ya mitungi yanakuwa mepesi na kukunyanyua nyuma, hapo pia raba nzito inasaidia hata kwa mtu wa wetisuti. Chuma na wetisuti pamoja na raba nzito ni miguu chini, kifua juu, kila teke linakupeleka juu badala ya mbele. Kwa hiyo mapezi usiyanunue mpaka seti imeshafungwa. Ingia mita 4 au 5, mitungi iwe na baa 50, lala kifudifudi, mikono mbele, usiguse kitu chochote kwa dakika nzima, mwenzako akurekodi. Kinachoshuka kitaonekana. Kabla hujabadilisha mapezi jaribu kupandisha au kushusha mitungi kwenye bendi sentimita chache, ni bure.

Mkanda wa pezi uwe springi ya chuma, ile mikanda ya plastiki yenye bizimu inakatika siku ambayo boti ishang'oa nanga. Mfuko wa mguu uwe mpana wa kuingia na buti yako halisi, sio ya dukani. Na ugumu wake ufanane na miguu yako, pezi gumu kwenye mkondo wa Pemba kwa mtu asiyefanya mazoezi ni mkakamao wa misuli dakika ya kumi.

Kuna njia ya tatu ambayo kwa mazingira yetu naiona inafaa kuliko inavyosifiwa, kubeba mitungi miwili ubavuni badala ya mgongoni. Hakuna bendi, hakuna manifoldi, unachukua AL80 mbili zozote za kituo chochote unaziwekea klipu na kamba, vali ziko chini ya kwapa unaziona kwa macho. Kasoro yake ni kwamba alumini ikiisha makalio yake yananyanyuka na kuning'inia juu ya mgongo, lazima uhamishe klipu mbele katikati ya mbizi, na kupanda ngazi ya ngalawa au boti ndogo ukiwa nayo ni mateso, wengi wanaivulia majini na kuikabidhi.

Kwa anayesafiri, mitungi huwezi kupanda nayo ndege ikiwa na presha na hata tupu ni kilo 14 na zaidi kila mmoja, kwa hiyo utakodi tu. Bawa, bamba, regulata na mapezi vinaingia kwenye begi. Kabla hujalipia tiketi piga simu kituoni uulize: AL80 mnazo zilizofungwa miwili miwili au nije na bendi na manifoldi zangu, na shingo zake ni robo tatu inchi au M25? Vali zinageuka DIN? Mnajaza mpaka baa 200 kweli au mnaishia 180? Ukiishia 180 ile theluthi yako ya hesabu inashuka kutoka lita 1,530 mpaka 1,330 na dakika 25 za Pegasus hazitoshi tena. Oksijeni safi ya kuchanganyia ipo? Mtungi wa nitroksi ya 50 umesafishwa kwa ajili ya oksijeni, lini, na nani? Heliamu, kama unaitaka kwenye mchanganyiko wa gesi yako, ulizia mapema zaidi, wiki kadhaa kabla, na ukiambiwa bei kaa kwanza.